Je, Mwenyezi Mungu Mwadilifu Atamwadhibu Mtu wa Dini Nyingine Aliyekuwa Mkweli wa Nia?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake wema.

Ama baada ya hayo. Miongoni mwa maswali anayoulizwa imamu kwa sauti ya chini, watu wakishatawanyika msikitini, ni swali la mwenye msiba. Mwanamke aliyesilimu zamani amefiwa na mama yake, na mama huyo amekufa Mkristo. Alikuwa mtu wa ibada kwa kadiri alivyofundishwa, hakumla mtu haki yake, alilea mayatima wa jirani, na bintiye aliposilimu hakumfukuza. Bali Ramadhani ilipoingia alimpikia futari. Sasa binti anauliza: Sheikh, mama yangu ana hali gani mbele ya Mola wake?

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki swali hili si la vitabuni tu. Ziko koo nyingi ambazo ndugu wa tumbo moja mmoja huenda msikitini na mwingine kanisani, na wote hukutana kwenye matanga. Na majibu mawili huwa tayari midomoni mwa watu. La kwanza ni kwamba mama yule ni wa Motoni, na jambo limekwisha. La pili ni kwamba dini zote ni sawa, kila mtu anamwendea Mungu kwa njia yake, basi usijisumbue. Majibu yote mawili yana haraka. La kwanza limesahau uadilifu wa Mwenyezi Mungu, na la pili limesahau haki Yake. Katika makala haya tutajaribu, insha Allah, kueleza waliyoyafundisha wanachuoni juu ya jambo hili, kisha tuone ni lipi imamu anaweza kumwambia binti yule bila ya kuvunja dini wala kuvunja moyo.

Misingi miwili ya kuanzia

Msingi wa kwanza ni kwamba haki ni moja. Aya ya 19 na ya 85 za Suratu Aal Imran zinatufahamisha kwamba dini mbele ya Mwenyezi Mungu ni Uislamu, na kwamba atakayetafuta dini isiyokuwa hiyo haitakubaliwa kwake. Muislamu hawezi kusema kwamba kumwamini Mtume wa mwisho (s.a.w) ni jambo la hiari, wala kwamba kumpwekesha Mwenyezi Mungu na kusema kuwa ana mwana ni kauli mbili zilizo sawa. Hapa hapana khitilafu baina ya madhehebu.

Msingi wa pili ni kwamba Mwenyezi Mungu hamdhulumu mja wake hata kwa uzito wa chembe, kama ilivyo katika Suratun Nisaa, aya ya 40. Na katika Suratul Israa, aya ya 15, ametujulisha kwamba si katika desturi Yake kuadhibu mpaka apeleke Mtume. Aya ya 165 ya Suratun Nisaa inaeleza hekima ya jambo hilo: Mitume waliletwa ili watu wasiwe na hoja ya kujitetea baada yao. Na Suratul Mulk, aya ya 8 na ya 9, inatusimulia kwamba kila kundi litakapotupwa Motoni, walinzi wake wataliuliza iwapo hakulijia mwonyaji. Nao watakiri kwamba alikuja, na kwamba wao ndio waliomkadhibisha. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba katika ukiri huo hapatajwi hata mmoja atakayesema kwamba hakufikiwa.

Wako wanaodhani kwamba misingi hii miwili inagongana. La, haigongani, kwa sababu kila mmoja unajibu swali lake. Wa kwanza unajibu: ipi njia ya sawa? Wa pili unajibu: nani ana lawama kwa kutoifuata? Tukitaka mfano ulio karibu, tutazame kibla. Kibla ni kimoja, hakihami kwa sababu ya makosa ya mtu. Lakini msafiri aliyejikuta nyikani katika usiku wa mawingu, akajitahidi kutafuta alama, kisha akasali akielekea upande usiokuwa wa kibla, hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba amepata dhambi, ingawa wamekhitalifiana kama airudie sala yake au asiirudie. Ama aliyesimama ndani ya msikiti, mihrabu iko mbele yake, naye akaipa mgongo kwa makusudi, huyo hana la kusema. Wote wawili wamekosa kibla, na hali zao haziko sawa. Mfano huu una mpaka wake, kwani itikadi si kama matawi ya fiqhi, lakini unatusaidia kutenganisha kosa na lawama.

Kufuru ni nini?

Neno kufuru katika lugha ya Kiarabu asili yake ni kufunika. Mkulima huitwa kafiri kwa maana hiyo ya lugha, kwa kuwa anaifunika mbegu kwa udongo. Na mtu hawezi kufunika kitu asichokuwa nacho. Ndiyo maana Qur'ani inapoilaumu kufuru, mara nyingi huitaja pamoja na kiburi, ukaidi na kuikanusha haki baada ya kuijua. Aya ya 14 ya Suratun Naml inawaeleza watu wa Firauni kwamba walizikanusha ishara hali ya kuwa nafsi zao zimeyakinisha.

Mfano ulio wazi zaidi ni Iblisi. Yeye alimjua Mwenyezi Mungu, akazungumza Naye, akaijua Siku ya Kiyama na kuomba muhula mpaka siku hiyo, na akajua kwamba wako waja waliotakaswa ambao hatawaweza. Pamoja na elimu yote hiyo ameitwa kafiri. Kilichomwangamiza ni kutosalimu amri, wala hakikuwa kutojua. Basi kama mwenye kujua na asisalimu amri ni kafiri, tutasema nini juu ya yule aliyesalimu amri kwa moyo wake wote mbele ya kile alichokijua, lakini alichokijua kikawa pungufu? Shahidi Murtadha Mutahhari (1919–1979), katika kitabu chake juu ya uadilifu wa Mwenyezi Mungu, amelitilia mkazo swali hili na kuwaita watu wa namna hiyo Waislamu wa kimaumbile. Anakusudia kwamba roho ya kusalimu amri imo ndani yao, ingawa jina la Uislamu na sharia zake hazikuwafikia.

Aliyeshindwa na aliyezembea

Wanachuoni wamegawanya kutojua mafungu mawili. Kuna jahili qaasir, naye ni asiyejua kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kujua. Na kuna jahili muqassir, asiyejua kwa uzembe wake: njia ya kujua ilikuwa mbele yake, shaka ikamgusa, akaona uvivu au akaogopa kupoteza cheo, mali au heshima ya jamaa zake, akaamua kutouliza. Huyu wa pili analaumiwa kwa uzembe wake. Wa kwanza hana lawama.

Dalili ya mgawanyo huu wameitoa katika Suratun Nisaa, aya ya 97 mpaka ya 99. Aya hizo zinawataja watu waliojidhulumu nafsi zao, ambao Malaika wanapowafisha hujitetea kwamba walikuwa wanyonge katika ardhi. Hoja yao inarudishwa, kwani ardhi ya Mwenyezi Mungu ilikuwa pana na waliweza kuhama. Kisha wakatolewa katika hukumu hiyo wanyonge wa kweli, wanaume, wanawake na watoto, wasioweza hila yoyote wala kuongoka njia. Hao wametajiwa matumaini ya msamaha. Allamah Muhammad Husayn Tabataba'i (1904–1981), katika tafsiri yake iitwayo al-Mizan, ameeleza kwamba sababu ya udhuru ni kutoweza. Basi ni mamoja iwe mtu ameshindwa kuhama kwa sababu ya adui aliyemzunguka, au ameshindwa kuifikia haki kwa sababu akili yake haikuwahi kufunguliwa mlango wa kuielekea.

Kuna riwaya katika al-Kafi inayofaa kila mwanafunzi aijue. Zurara bin A'yan alikuwa katika wanafunzi wakubwa wa Imamu Muhammad al-Baqir (a.s). Siku moja aliingia kwake pamoja na ndugu yake Humran, akamweleza kwamba wao wana timazi yao ya kuwapimia watu: anayeafikiana nao wanamfanya rafiki, na anayekhalifiana nao wanajitenga naye. Imamu hakuifurahia timazi hiyo. Alimwambia kwamba neno la Mwenyezi Mungu ni kweli zaidi kuliko neno lake, kisha akamuuliza: wako wapi basi wale wanyonge waliotajwa katika Suratun Nisaa? Wako wapi wale waliotajwa katika Suratut Tawba kwamba wameahirishiwa amri ya Mwenyezi Mungu? Wako wapi waliochanganya amali njema na mbaya? Wako wapi watu wa A'raf?

Fundi hutumia timazi kujua kama ukuta umesimama sawa, na ukuta hauna ila hali mbili, umenyooka au umepinda. Zurara alitaka kuwapima wanadamu hivyo hivyo, na Imamu akamwonyesha kwamba Qur'ani yenyewe imetaja watu wa kati ambao jambo lao liko kwa Mwenyezi Mungu peke Yake.

Mafungu ya Imamu Ghazali

Katika wanachuoni wa Ahlus Sunna aliyelieleza jambo hili kwa ufasaha zaidi ni Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111). Katika kitabu chake Faysal at-Tafriqa alichokiandika kuwazuia watu wasikufurishane ovyo, amewazungumzia wasiokuwa Waislamu wa zama zake, hasa Wakristo wa Rumi na Waturuki wa pembezoni, akawagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni wale ambao hata jina la Muhammad (s.a.w) halikuwafikia. Hao wana udhuru.

Fungu la pili ni wale waliofikiwa na jina lake, sifa zake na miujiza yake, wakiishi jirani na Waislamu na kuchanganyika nao, kisha wakakanusha. Hao hawana udhuru.

Fungu la tatu liko kati ya mafungu hayo mawili. Ni wale waliolisikia jina, lakini sifa za kweli hawakuzisikia. Tangu utotoni wameambiwa kwamba alitokea mwongo mmoja akadai utume. Hao, kwa maoni ya Ghazali, hukumu yao ni ile ya fungu la kwanza. Sababu aliyoitoa ni kwamba habari ya namna hiyo haimsukumi mtu kutafuta, bali inamfukuza. Na akaongeza kwamba hata yule aliyepata habari sahihi, akasukumika kutafuta, akawa katika kutafuta bila ya kuzembea mpaka mauti yakamkuta kabla hajafika, naye amesamehewa.

Tusisahau Ghazali aliishi zama gani. Mwaka 492 Hijria (1099) majeshi ya Msalaba yaliiteka Baitul Muqaddas na kuwaua wakazi wake. Ghazali alikuwa hai, na miaka michache kabla ya msiba huo alikuwa amepita katika mji huo huo katika safari yake ya kuihama dunia ya vyeo. Mwenye kuishi katika zama kama hizo angepata kisingizio chepesi cha kuwafungia Wakristo wote mlango wa rehema. Hakufanya hivyo, kwani kwake uadilifu ni sifa ya Mwenyezi Mungu, nayo haibadiliki kwa ghadhabu zetu, hata ghadhabu hizo zikiwa na sababu.

Hadithi ya aliyesikia

Hapa msomaji atauliza: na ile hadithi iliyomo katika Sahih Muslim itakuwaje? Ndani yake Bwana Mtume (s.a.w) ameapa kwamba hakuna yeyote katika umma huu, Myahudi au Mkristo, atakayemsikia, kisha akafa bila ya kuyaamini aliyotumwa nayo, ila atakuwa katika watu wa Motoni.

Hadithi hii ni sahihi, na ni haki. Lakini imeweka sharti ndani yake, nalo ni kusikia. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), katika sherehe yake ya Sahih Muslim, amesema kwamba mafhumu ya hadithi hii ni dalili kuwa ambaye wito wa Uislamu haukumfikia ana udhuru. Basi hadithi wanayoitumia wengine kufunga mlango, Nawawi ameona ndani yake mlango.

Na kusikia ni kupi? Hapo ndipo maneno ya Ghazali yanapokuwa na faida. Aliyesikia kwamba Muhammad ni mwongo hakumsikia Muhammad. Amesikia kusingiziwa kwake.

Wanachuoni wamekhitalifiana wapi?

Haitakuwa uaminifu kudai kwamba wote wamekubaliana katika kila jambo. Khitilafu ziko katika mahali patatu.

Kwanza, ambaye hakufikiwa na Mtume kabisa. Maash'ari wamesema hana jukumu, kwa kuwa wajibu hutokana na sharia. Mu'tazila, na Maturidi wengi wa Samarkand, wamesema kwamba akili peke yake inamwajibisha mtu kujua kuwa ana Muumba, ingawa hawajibiki kwa sala na saumu zisizomfikia.

Pili, namna atakavyohukumiwa huko Akhera. Katika Musnad ya Imamu Ahmad kuna hadithi ya al-Aswad bin Sari' inayowataja watu wanne watakaotoa udhuru wao Siku ya Kiyama: kiziwi asiyesikia kitu, mpungufu wa akili, mzee aliyepotewa na fahamu, na aliyekufa katika kipindi kisichokuwa na Mtume. Hao watatahiniwa kwa amri ya siku hiyo, na atakayetii ataokoka. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim waliichukua kauli hii. Ibn Abdil Barr aliipinga kwa hoja kwamba Akhera ni nyumba ya malipo, wala si nyumba ya mitihani.

Tatu, na hapa ndipo pagumu zaidi, ni yule aliyefikiwa na habari sahihi, akatafiti kwa nia safi, lakini hakuridhika. Al-Jahiz, aliyefariki mwaka 255 Hijria (869), alisema kwamba mtu huyo, ikiwa kweli amejitahidi na akashindwa, hana dhambi, bali mwenye dhambi ni mkaidi. Wanachuoni wengi hawakukubali. Ghazali mwenyewe, katika al-Mustasfa, aliirudisha kauli hiyo kwa kusema kwamba akili haioni muhali ndani yake, lakini nassi za sharia haziiungi mkono. Hoja ya wengi ni kwamba dalili za haki ziko wazi, na aliyezitazama kwa moyo mkunjufu hawezi kuzikosa. Katika karne iliyopita Sheikh Mahmud Shaltut (1893–1963), aliyekuwa Sheikh wa al-Azhar tangu mwaka 1958, aliandika katika kitabu chake juu ya itikadi na sharia kwamba watu wa mbali wasiofikiwa na itikadi ya Kiislamu, au waliofikiwa kwa sura mbaya yenye kuwakimbiza, au wasioifahamu hoja yake pamoja na kujitahidi kuichunguza, wanasalimika na adhabu ya Akhera iliyoandaliwa makafiri.

Mwenye kuyatazama haya yote ataona jambo moja linalopita katikati yake. Hata wale waliokuwa wakali zaidi hawakusema kwamba Mwenyezi Mungu atamwadhibu mtu kwa kile asichoweza kukijua. Wamebishana juu ya nani anaweza kujua na nani hawezi. Na ubishi huo, kwa mtu maalumu aliyekwisha kufa, anayeweza kuukata ni Mwenye kuvijua vilivyomo vifuani.

Kisa cha masahibu wa Salman

Kuna aya ambayo watu wa kauli ya dini zote ni sawa hupenda kuitaja, nayo ni ya 62 katika Suratul Baqara. Inawataja walioamini, Mayahudi, Wakristo na Masabai, na kwamba mwenye kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho na akatenda mema hatakuwa na khofu. Imamu Tabari amepokea kwamba ilishuka kwa sababu ya Salman al-Farisi (r.a).

Salman alizaliwa Uajemi, akawa mlinzi wa moto wa Majusi, akakimbia kwao kutafuta haki. Akawatumikia wachamungu wa Kikristo mmoja baada ya mwingine, kuanzia Sham, kisha Mosul, Nasibin na Ammuriya, kila mmoja akimwelekeza kwa mwenzake, mpaka akauzwa utumwani na kufikishwa Madina. Aliposilimu, moyo wake ulibaki na walimu wake wale. Walisali, walifunga, na walimtaraji Mtume atakayekuja, lakini hawakumuwahi. Alimuuliza Bwana Mtume (s.a.w) juu yao, na jibu la mwanzo likamtia huzuni nzito. Ndipo aya ikashuka, na huzuni yake ikaondoka.

Hapo aya imewazungumzia waliofuata haki iliyowafikia katika zama zao. Haikumpa ruhusa aliyemjua Mtume (s.a.w) ajichagulie. Lakini tuzingatie pia upande wa pili wa kisa. Salman, mwenye daraja yake, aliona uchungu kwa ajili ya walimu wake waliokufa nje ya umma huu, na hakulaumiwa kwa uchungu huo. Binti anayemlilia mama yake ana mfano wa Sahaba mkubwa.

Hujja iko juu ya nani?

Wengine huogopa kwamba maneno haya yataua da'awa. Husema: ikiwa asiyefikiwa ana udhuru, si bora tumwache asifikiwe? Jibu ni kwamba udhuru si uongofu. Mgonjwa asiyejua kwamba dawa ipo halaumiwi, lakini bado ni mgonjwa, na jirani mwenye dawa aliyenyamaza ndiye atakayeulizwa. Kila tunapopanua udhuru wa asiyejua, mzigo wa anayejua unazidi uzito.

Na hapa tuikumbuke historia yetu wenyewe bila ya kuificha. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliondoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na kuvuka hadi Manyema, upande wa Kongo. Wengi wa waliokuwa wakiiongoza walikuwa Waislamu. Walibeba nguo na shanga, wakarudi na pembe za ndovu, na pamoja nazo wanadamu waliofungwa minyororo. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa ila mwaka 1873. Sasa mtu wa bara ambaye Muislamu wa kwanza kumwona alikuwa ni yule aliyemchukua mwanawe, tuseme nini juu yake? Jina la Uislamu alilisikia. Je, Uislamu aliusikia? Kwa mizani ya Ghazali, huyo yuko karibu zaidi na fungu la tatu. Na mtu huyo akisimama Siku ya Kiyama na kutoa udhuru wake, wa kuogopa ni wale waliompa udhuru huo.

Lakini njia ile ile ilimpitisha pia mtoto mmoja aliyetekwa upande wa Kongo na kuletwa Bagamoyo mtumwa. Alisoma, akapata uhuru wake, akawa mwanachuoni na khalifa wa twarika ya Qadiriyya. Huyo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Watu wengi wa mrima na wa bara waliingia katika Uislamu kwa mikono ya masheikh wa namna yake, ambao waliusikilizisha Uislamu kwa elimu, dhikri na tabia njema.

Leo hakuna minyororo. Lakini yuko mwenye duka anayepunja mizani huku kanzu yake nyeupe, yuko anayemtukana jirani yake Mkristo kwa kipaza sauti, na yuko anayeua wasio na hatia huku akilitamka jina la Mwenyezi Mungu. Kila mmoja wao anaongeza watu katika fungu la tatu la Ghazali. Kabla ya kuuliza kwa nini fulani alikufa bila ya kusilimu, tujiulize ni Uislamu gani alioonyeshwa.

Hukumu za dunia na hukumu za Akhera

Baada ya haya yote, imamu asichanganye mambo mawili. Hukumu za dunia hufuata dhahiri. Aliyekufa nje ya Uislamu hasaliwi sala ya jeneza, na mirathi huendeshwa kwa sharia zake. Wanachuoni, kwa kutegemea aya ya 113 ya Suratut Tawba, wamemzuia Muislamu kumwombea maghfira aliyekufa katika shirki. Kumpa mtu udhuru huko Akhera hakubadilishi haya, na kuyatekeleza haya si kumtangazia mtu Moto. Kadhi huhukumu kwa anachokiona, na Mwenyezi Mungu huhukumu kwa anachokijua.

Wala hukumu hizo hazizuii wema. Asmaa binti Abi Bakr (r.a) alijiwa na mama yake, hali ya kuwa bado ni mshirikina, akamuuliza Bwana Mtume (s.a.w) kama amuunge, naye akamwamuru amuunge. Na lilipopita jeneza la Myahudi, Bwana Mtume (s.a.w) alisimama. Alipoambiwa kwamba ni la Myahudi, aliwauliza kama yule naye hakuwa nafsi.

Basi binti yule na aambiwe hivi. Usimtangazie mama yako Pepo, kwani hilo si lako. Usimtangazie Moto, kwani hilo pia si lako, wala si la sheikh. Njia ya haki ni moja, nawe umeijua, basi ishike. Kama mama yako haki ilimfikia ilivyo akaikataa kwa kiburi, au haikumfikia ila kwa sura iliyoharibiwa, au alikuwa njiani akiitafuta, anayejua ni Mola aliyemuumba. Huyo hatamwonea kwa uzito wa chembe, na rehema Yake imeenea kila kitu. Mzike pamoja na jamaa zako kwa heshima, waunge ndugu zake na marafiki zake, lipa madeni yake, na wao wauone Uislamu wako katika hayo.

Abu Dharr (r.a) amepokea kwamba usiku mmoja Bwana Mtume (s.a.w) alisimama katika sala akiikariri aya moja tu mpaka alfajiri ikaingia. Ni aya ya 118 ya Suratul Maida, ambayo ndani yake Nabii Isa (a.s) anazungumza na Mola wake juu ya watu waliomfanya mungu: ukiwaadhibu, hao ni waja Wako, na ukiwasamehe, Wewe ndiwe Mwenye nguvu na hekima. Wafasiri wengi wamesema kwamba hayo ni maneno ya kulirudisha jambo lote kwa Mwenyezi Mungu.

Ikiwa Mitume wawili, mmoja kwa kuyasema maneno hayo na mwingine kwa kuyakariri usiku mzima, walisimama hapo, sisi hatuna pa kusimama mbele yao.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.